Minazi Yetu ya Kericho

Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa nasomea shahada ya pili chuo kikuu, Nairobi, na nilikuwa na uhakika wa mambo mengi. Mojawapo ni kwamba redio ilikuwa inabadilisha maisha ya wakulima. Niliamua kulithibitisha hilo nyumbani kwetu, upande wa Kericho, kwenye kituo cha kupimia majani chai. Hapo akina mama waliketi na vikapu vyao wakingoja lori, na lori lile lilikuja lilipojisikia. Redio ilikuwa moja tu, ya kogo mmoja, nyanya aliyeheshimiwa na kituo kizima.

Kila nilipokwenda nilifika mchana, kipindi cha kilimo kikiwa kimeisha, nikauliza: mmesikiliza? Mmeelewa? Mtafuata? Wote walijibu ndiyo. Wote, kila siku. Mtu mwenye akili timamu angeshtuka. Mimi nilimwandikia profesa wangu kwamba sijawahi kuona wasikilizaji watiifu namna hii. Naye, mtu asiyeamini kitu mpaka akione, akajibu kwamba anakuja. Akiridhika, nianze kuandika tasnifu. Asiporidhika, nafasi yangu chuoni angempa mwingine.

Siku ya ugeni wake nilifika mapema kwa mara ya kwanza. Redio ilikuwa kimya, na betri zake zimeanikwa juani kwenye bati ili zipate nguvu.

"Kogo, imeharibika?"

"Hapana. Saa ya kilimo sisi tunazima. Petri ni ya matangazo ya vifo."

"Lakini mliniambia mnasikiliza!"

Akaniangalia kwa huruma. "Wewe ni mtoto wetu. Umetoka Nairobi yote hiyo kuja kutuuliza. Tungekuambia hapana, ungesikia aje?"

Nilitamani kulia. Gari la profesa lilikuwa tayari linapanda mlima. Kogo alipouona uso wangu, alizichukua betri, akazitia, akafungua sauti mpaka mwisho na kuwaamrisha wenzake kwamba leo watasikiliza, wapende wasipende.

Profesa akakalia kikapu kilichopinduliwa. Redio ikafundisha. Ilifundisha ukuzaji wa minazi: nafasi kati ya mche na mche, mchanga, upepo wa bahari. Bahari! Sisi ambao mvua ya mawe hutupiga alasiri hata hatujaanua nguo. Akina mama walitikisa vichwa kukubali, kwa bidii ya kunitia kichaa.

"Mafunzo haya mnayafuata?" profesa akauliza.

"Yote," wakasema kwa pamoja.

"Hata haya ya leo?"

"Sana," akasema mama mmoja aliyehamia kwetu kutoka Kisii. "Hii ya minazi tulianza kitambo."

"Iko wapi?"

Wakatazamana.

"Bado ni midogo, mwalimu."

Niliinamisha kichwa nisicheke, ingawa iliyokuwa inazikwa hapo ni shahada yangu. Profesa alinigeukia polepole, akavua miwani. Kabla hajafungua mdomo, kogo alizima redio.

"Mzee, samahani, petri inaisha na vifo haijasomwa. Huyu msichana usimfukuze. Si yeye amekudanganya, ni sisi tulimdanganya. Anauliza na heshima sana, tukaona vibaya kumwangusha."

Miezi yote ile nilidhani napima nguvu ya redio, kumbe nilikuwa napendwa tu.

Profesa akavaa miwani yake. "Chana yote uliyoandika," akaniambia. "Anza upya. Na safari hii usiwaulize kama wanasikiliza. Waulize wanazima saa ngapi."

Kisha akakisogeza kikapu chake karibu na kogo, akamuuliza kwa sauti ya chini vifo vinasomwa saa ngapi, maana alikuwa na shangazi mgonjwa huko Machakos.