Kishikwambi Kisichomjua Mama

Shadya alikuwa mhariri wa ukurasa wa teknolojia katika gazeti dogo la Morogoro mjini. Wiki moja kabla ya hapo, alikuwa ameandika makala ya kukisifu kishikwambi kinachopima mashamba kwa setilaiti. Kwa kuiamini makala hiyo, mama yake kule Kinole, kwenye Milima ya Uluguru, alimruhusu mpimaji aingie shambani.

Shadya alipopanda mlimani kuwasalimia wazazi, Simon, yule mpimaji, alikuwa anamalizia. Kwenye kioo cha kishikwambi, shamba lote lilikuwa limeandikwa kuwa la Abdulmajid, baba yake Shadya.

"Hili ni shamba la ukoo wa mama!" Shadya alifoka. "Huku Uluguruni ardhi inapita kwa wanawake. Baba alikuja kuoa tu."

"Mfumo unataka mkuu wa kaya, dada. Mke hana nafasi ya kuandikwa."

Baba, aliyekuwa akimenya ndizi, alicheka. "Kijana, mimi hapa ni mkwe. Ukinipa shamba, wajomba wa ukoo wao watanitimua."

Mama hakucheka. "Nikifa, ndugu za mume wangu watakuja kulidai kwa hilo lisimu lako. Na wewe, mwanangu, ndiye uliyeandika kwamba ni zuri."

Maneno hayo yalimchoma Shadya. "Futa," alimwambia Simon.

"Nitaanza upya kazi yote, dada!"

"Futa hapa hapa, mama akiona. Ukishuka nalo barabarani likapata mtandao na kuyatuma hayo, kesho nakuandika gazetini kwa jina."

Simon akafuta, amenuna.

Shadya akaketi kizingitini, akaanza makala nyingine: "Kinaona kutoka angani, lakini hakimwoni mwanamke aliyesimama shambani kwake."