Tajiri wa Kaole Alikuwa Bi Mwanahawa

Siku yangu ya kwanza ya udadisi, yaani kazi ya kuuliza watu maswali ya utafiti nyumba kwa nyumba, nilipelekwa Kaole kuuliza jambo moja: matajiri wa hapa ni nani? Vijana mnaosomea kazi hii mnaliona swali jepesi. Pwani kwetu mtu hamtaji jirani yake kwa utajiri, asije akaambiwa anamfanyia husuda. Kila mlango nilijibiwa, "Sote tunamshukuru Mungu, mwanangu," nikapewa kahawa, nikaaga.

Mtafiti Mkuu akakasirika. Akaamua tutumie vigezo, vipimo vya kuonekana kwa macho: sakafu ya saruji, paa la bati. Mwenye navyo tulimwita tabaka la juu.

"Mzee," nikamwambia, "wenye mali ni walionunua ufukwe mpaka Mbegani. Wanaishi Dar."

"Kaya ni watu wanaolala na kula pamoja hapa kijijini. Hao hawalali hapa, kwa hiyo hawamo."

Basi hawakuwamo. Aliyekuwamo ni Bi Mwanahawa, mjane msuka mikeka, ambaye marehemu mwanawe alimwezekea mabati. Tabaka la juu! Nilicheka, kumbe lilikuwa jambo la kulia.

Baadaye nilihamishiwa Zinga kuwa msimamizi wa wadadisi. Msaada wa kaya maskini ulipokuja ulifuata ripoti zile zile, Bi Mwanahawa akaachwa. Nilimsumbua sana Mratibu wa msaada huo ili aingizwe.

"Mama, takwimu zimeshapitishwa," alinijibu, hata uso hakuinua.

Utafiti wangu wa mwisho ulinirudisha Kaole, mlangoni kwa Bi Mwanahawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tazama juu."

Mabati hayakuwapo. Paa lilikuwa la makuti ya kuungaunga.

"Nimeambiwa mabati ndiyo yananifanya tajiri. Nimeyauza. Haya, andika sasa."

Nikafungua fomu yangu. Vigezo vilikuwa vimebadilishwa. Safari hii utajiri ulipimwa kwa fedha iliyoingia nyumbani mwaka ule, na fedha ya mabati nayo ilihesabiwa. Nilimweleza Mratibu kwa simu. Akasema utaratibu ni utaratibu.

Sasa nimestaafu, na sina faraja ya kuwapa. Wanafunzi huja niwafafanulie maana ya tabaka la juu, na mimi hushindwa hata kuanza. Wenye ufukwe hawajawahi kuulizwa swali hata moja. Bi Mwanahawa masika yalimkuta chini ya makuti yanayovuja, kifua kikambana, tukamzika. Kwenye ripoti bado ni tajiri.