Mrejesho: Nilifunga difu ya meno kumi mliyonishauri, sasa posa yangu imekwama mlima wa Ipogolo

Wakuu, salamu kwenu nyote humu ndani, wenye magari na wenye picha za magari.

Kwanza mnisamehe kwa makosa ya maandishi. Nimeishia darasa la saba na naandika taratibu. Uzi huu nimeuandika kwenye daftari kwa siku tatu kabla ya kuuchapa kwenye simu, na mwandiko wangu ni mbaya kiasi kwamba kuna mistari imenishinda kuisoma mwenyewe, nikairuka. Iliyobaki yote ni kweli.

Wanaonikumbuka, mimi ndiye niliyeuliza hapa kuhusu haisi inayolia sana kwenye lami.

Gari si yangu. Ni ya shangazi yangu, Shangazi Tumpe, mimi ni dereva tu. Tunakodiwa na kwaya, harusi na misiba, zaidi Mbeya kwenda Iringa na kurudi. Ilikuwa na difu nzito ya kubebea mizigo. Ukifika themanini injini inapiga kelele kama mashine ya kukoboa mpunga ya Rujewa, na abiria wanashuka wanaongea kwa kufoka hata kama hawana ugomvi.

Mshale wa RPM ulishakufa kabla sijaijua gari hiyo. Nilikuwa napima kwa sikio.

Nikauliza nifanyeje. Mkajibu. Asanteni sana, mlijibu mno.

Kwa wageni nieleze kidogo. Ndani ya difu, kwenye ekseli ya nyuma, kuna gia kubwa, krauni, na gia ndogo inayoizungusha, pinioni. Krauni yangu ina meno arobaini na moja, pinioni ilikuwa na meno nane. Maana yake propela, ile shafti inayotoka gia boksi kwenda nyuma, izunguke mara tano na ushee ndipo tairi lizunguke mara moja. Ukiweka pinioni ya meno kumi, propela inazunguka mara nne tu na kidogo. Mwendo ule ule, injini inapumua.

Nusu yenu mkasema baki na nane. Nusu mkasema funga kumi. Mkatukanana kurasa tatu. Mkuu mmoja akaandika "funga kumi utanikumbuka".

Mkuu, nakukumbuka.

Difu niliipata Uyole kwenye spea za mtumba. Tukafunga siku nzima, mimi na fundi, zaidi mimi. Nilipoijaribu nikaona mmesema kweli. Gari ilikuwa kimya. Nilisikia saa ya dashibodi inagonga, na mimi sikujua kama ile saa inafanya kazi.

Hapa nipumzike kidogo nieleze jambo ambalo sikulieleza kwenye uzi wa kwanza, kwa aibu.

Mimi si muongeaji. Mtu akiniuliza jina naangalia chini kwanza. Kwa hiyo ile kelele ilikuwa inanilinda. Saa sita barabarani, hakuna anayeweza kukuuliza unaoa lini.

Na mchumba nilimpata kwa sababu ya kelele hiyo hiyo. Anaitwa Debora, wa Kalenga, anaimba kwaya. Alikaa kiti cha mbele tukitoka Mbeya. Akaniuliza kitu, sikusikia. Akarudia, sikusikia. Akatoa simu akaandika. Gari iliposimama Makambako akanipa nisome: "Nimekuuliza kama huwa unacheka." Nikaandika jibu langu taratibu, akangoja. Hadi Iringa tulikuwa tumeandikiana mara nne, kila mara gari imesimama. Mwaka mzima tukaendelea hivyo hivyo, kwa kuandika.

Nikaichukua kelele iliyonipa mchumba, nikaitoa kwa ushauri wa watu wa mtandaoni. Akili nyingi sana.

Siku ya posa ikafika. Wazee wangu walikuwa watatu. Shangazi mwenye gari. Baba mdogo aliyenilea. Na mshenga wetu, Mzee Ambele, mzee wa kanisa ambaye hajawahi kukosa neno la kusema. Nyuma ndugu wengine saba, kreti za soda na blanketi la mama mkwe. Dereva nani? Mimi muoaji. Kukodi dereva mwingine Shangazi alisema ni anasa.

Tulitakiwa Kalenga saa nane mchana. Baba yake Debora tulishaambiwa ni mtu wa saa na mtu wa maneno machache.

Tukapita Igawa, Shangazi akasimamisha gari akaongeza gunia la mchele wa Usangu. "Hatuendi kwa Wahehe mikono mitupu," akasema. Mikono mitupu, na kreti sita za soda.

Gari inateleza kimya. Wazee kwa mazoea wakadhani bado siwasikii. Wakaanza kikao.

"Elimu yake tutasemaje?" Mzee Ambele akauliza.

"Chuo cha ufundi," Shangazi akajibu bila hata kufikiri.

"Chuo kipi, dada?" akauliza baba mdogo.

"Sema cha Mbeya. Mbeya ni kubwa, watamtafuta wapi?"

"Na gari?"

"Gari yake. Mimi nimeridhia."

"Ndaga, asante dada, una moyo. Na huu ububu wake?" baba mdogo akauliza.

Shangazi akasema, "Sema ana mafua."

Wakuu, nilitaka kugeuka niseme hapana. Debora anajua mimi ni wa darasa la saba, aliniuliza nikamwandikia. Baba yake akiambiwa chuo, binti atakaa pale anajua tunadanganya, na ataanza maisha na mimi kwa kunisitiri. Nilifungua mdomo. Nikawasha waipa.

Jua lilikuwa linawaka.

"Mbona unafuta kioo kikavu?" baba mdogo akauliza. Nikazima.

Difu ya meno nane isingenifikishia hata neno moja kati ya hayo. Ningefika Kalenga msomi na tajiri, mwenye mafua, na nisingejua.

Kabla ya Mafinga tukaingia kijiji chenye kibao cha hamsini. Mimi ni mtu wa sheria. Nikaweka mshale wa spidi hamsini kamili, kama nimeuchora. Mbele trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo akanyoosha mkono.

"Sitini na mbili," akasema.

"Nilikuwa hamsini, afande."

"Tochi inasema sitini na mbili, wewe unasema hamsini. Nimwamini nani?"

Hapo ndipo nikaelewa kitu ambacho hakuna kati yenu, wataalamu mia na kitu, aliyekitaja. Spidimita ya haisi yangu inachukua hesabu kwenye gia boksi, haijui kama difu imebadilishwa. Ilikuwa inasema uongo kwa adabu kabisa. Ndiyo maana tangu asubuhi nilikuwa nayapita mabasi huku nikijiona mpole.

Nikaandikiwa faini yangu. Haki yake, sina neno.

Sasa Ipogolo. Asiyeijua: ukitoka upande wa Mbeya unafika bondeni kwenye mto, halafu barabara inapanda kilima kikali kuingia Iringa mjini. Kwa meno nane nilikuwa napanda pale na kwaya nzima, wanaimba ingawa siwasikii.

Katikati ya mlima lori lililokuwa mbele yangu likasimama. Nikasimama. Lori likaondoka. Mimi sikuondoka.

Nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi, gari ikatetemeka ikarudi nyuma. Nikarudia. Klachi ikaanza kunuka. Soda zikagongana. Nyuma honi.

"Inahitaji maombi?" Mzee Ambele akauliza.

"Inahitaji mshuke," nikasema. Hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwao tangu asubuhi.

Wakashuka. Shangazi kwenye kitenge kipya cha sare na viatu vya kisigino. Baba mdogo na gunia la mchele begani yeye na binamu yangu. Mzee Ambele na blanketi kichwani. Vijana wa bodaboda wakawa wanapiga picha. Mmoja akampigia Shangazi kelele, "Mama, harusi inapanda kwa miguu?"

"Inapanda kwa ushauri wa simu!" Shangazi akajibu, akinionyesha mimi.

Gari tupu ikapanda. Nikawangoja juu. Walifika wanahema, hakuna aliyesema kitu, na kwa mara ya kwanza nikaona ukimya si mzuri kila mahali.

Kalenga tukaingia saa tisa na nusu.

Wazee wakapokelewa, salamu za "kamwene" nyingi, wakaingia ndani. Mimi nikabaki nje na gari, kwa utaratibu na kwa furaha. Nikaingia chini kukagua kama difu haivuji. Ni sehemu nzuri kwa mtu mwenye haya.

Baada ya muda nikaona viatu viwili vya mpira karibu na tairi. Nikatoka. Baba yake Debora. Mzee wa nyanya na mahindi, ambaye zamani aliendesha trekta, hilo Debora alishaniandikia. Nyuma yake mlangoni wamejaa wazee wangu, Shangazi akinikonyeza kwa macho yote mawili.

"Naambiwa umesoma chuo cha ufundi," akasema. "Naambiwa pia watu wazima wamepanda Ipogolo kwa miguu. Chuo gani hicho kinafundisha kufunga difu ya tambarare kwenye gari ya milimani?"

Nikaangalia chini. Niliona mafuta kwenye viganja vyangu. Nikajua nikisema tu jina la chuo chochote imeisha, nimeoa.

"Sijasoma chuo, baba. Nimeishia darasa la saba. Gari ni ya shangazi. Difu nimeifunga mwenyewe, na nimekosea."

Shangazi akakohoa. Yeye ndiye aliyepata mafua.

"Umekosea wapi?" mzee akauliza.

Na hapo, wakuu, sijui kilichonipata. Nikaanza kueleza. Meno nane, meno kumi, propela, klachi, tochi ya trafiki. Nikachora mchangani kwa bisibisi. Mzee akachuchumaa. Akaniuliza kwa nini sikupima kwanza na mzigo, nikamwambia kwa sababu niliijaribu peke yangu kwenye barabara nzuri, nilitaka iniridhishe mimi. Niliongea nadhani dakika ishirini. Baba mdogo baadaye alisema hakujua kama nina sauti hiyo.

Mzee akasimama, akapangusa magoti, akawageukia wazee wangu.

"Mshenga umenidanganya, tutaongea mimi na wewe. Huyu hajanidanganya. Mzigo wenu utakaa kwangu haujafunguliwa. Mrudi baada ya wiki nne. Mimi nitasimama pale juu Ipogolo kwenye kona. Nikiona gari imepanda na watu wote ndani, tutafungua soda pamoja. Nikimwona huyu mama anapanda kwa miguu tena, mnarudi na soda zenu."

Akaingia ndani. Hakutukaribisha tena, lakini ugali ulikuja.

Rahisi, mtasema. Rudisha meno nane, ipande, oa. Na mimi niliwaza hivyo. Ile ya zamani ipo uani kwenye kiroba.

Lakini jioni Debora akapiga simu. Akapiga, hakuandika. Akasema, "Leo umeongea na baba maneno mengi kuliko uliyoniambia mimi mwaka mzima. Nilikuwa dirishani, nimesikia yote. Usirudishe ile ya kelele. Nataka tukisafiri nikusikie."

Nikamjibu, "Sawa." Baada ya yote yale, nikamjibu sawa.

Kwa hiyo nimekaa nikahesabu kwa vidole. Mlibishana kurasa tatu, nane au kumi, nane au kumi, mkaitana majina ya wanyama. Mimi wa darasa la saba, darasa la kwanza nilifundishwa kwamba kati ya nane na kumi kuna namba nyingine. Hakuna hata mmoja wetu aliyeikumbuka, na mimi nikiwemo.

Nilichojifunza ni kidogo. Kabla hujabadilisha difu, jaza watu wako wote ndani, nenda kwenye mlima wako mbaya kuliko yote, simama katikati, halafu ondoka. Ukishindwa, uwe peke yako na ndugu zako, si siku ya posa. Na ukibadilisha, spidimita usiiamini tena.

Sasa naomba. Natafuta difu ya haisi yenye pinioni ya meno tisa, krauni arobaini na moja. Fundi wa Uyole anasema zipo ila hana. Aliyeiona Mbeya, Makambako, Mafinga, Iringa, popote, aniandikie hapa chini. Nasoma taratibu lakini nasoma zote.

Wenye ushauri mwingine andikeni pia, nitausoma baada ya harusi.

Zimebaki wiki mbili na siku tatu.