Koti Lenye Bitana ya Ndege

Koti lile lilinuka moshi wa kuni mbichi, na chini ya moshi kulikuwa na harufu nyingine tamu kidogo, kama ya sabuni iliyosahauliwa mfukoni. Lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba cha mama, katika nyumba yetu ya matofali mabichi nje kidogo ya Makere, na kila nilipotumwa kuchota unga nililivuta karibu na pua kwanza. Kwa nje halikuwa na lolote: koti la kiume, la kahawia, mabega yamepauka kwa jua. Mambo yalikuwa ndani. Bitana yake ya asili ilikuwa imechakaa ikatolewa, na mtu mwenye subira alishona nyingine kwa mkono, ya kitenge cha buluu chenye ndege wa njano, wawili wawili, wametazamana. Nilikuwa na miaka kumi. Nyumbani waliniita Redio, kwa sababu kila nililosikia sokoni nililifikisha nyumbani hata kabla sijatua kikapu, na yale ambayo sikuyasikia vizuri niliyajazia mwenyewe. Nalitaja jina hilo mapema kwa makusudi, maana bila mdomo wangu nisingekuwa na cha kusimulia hapa.

Koti lilitufikia wakati wa kuvuna maharage, mwaka ambao Warundi walikuwa wanavuka mto wa mpakani kwa makundi na malori yanawachukua barabarani kuwapeleka kambini. Asubuhi moja alikuja kijana peke yake, mrefu, midomo imekauka. Alimwamkia mama kwa Kirundi, ambacho kwetu sisi Waha ni kama maneno ya jirani, akasema hana kitu isipokuwa hilo koti, kama mama atalipokea ampe chakula cha njiani. Mama hakutaka. Kijana akamwonyesha ile bitana, akasema ameshonewa na mama yake mzazi, kwa hiyo haliuzi, analiacha tu. Akitulia atarudi kulichukua na mkononi atakuwa na kitu. Aliitwa Evarist. Wakati mama anapima muhogo mkavu, alikaa kizingitini akala viazi vya jana, vyote, kisha akacheka alipoona nilivyomtumbulia macho. Ndipo akaniuliza mimi, mtoto, kama najua watu wa kilima chao wamepelekwa wapi. Akakitaja kilima. Mimi sikuwa nimewahi kukisikia hata siku moja, ila juzi yake nilisikia sokoni kwamba lori moja limepeleka watu Kibondo. Nikamjibu bila kupepesa, "Wamepelekwa Kibondo wote." Nikamnyooshea kidole njia ya kaskazini. Akanishukuru kwa mikono miwili, kama mtu anavyomshukuru mkubwa, akaondoka na shati tu mwilini. Nilijisikia mtu wa maana siku nzima.

Wiki hiyohiyo mtendaji wa kijiji alipita na tangazo kwamba atakayekutwa na mali ya mkimbizi atapelekwa polisi. Mama akaligeuza koti upande wa ndani, akalitundika nyuma ya mlango, akaniangalia mdomoni, akasema, "Redio, hii usiitangaze." Nami sikuitangaza, kwa mwaka mzima na zaidi. Nusura nipasuke.

Mwalimu Filemoni ndiye aliyenifungulia mdomo, bila kujua. Alikuwa mwalimu wetu wa darasa la nne, mtu mwembamba mwenye sauti ya kumfikia aliye bondeni, na alitoka chuoni na kitabu kimoja cha mchezo wa kuigiza wa zamani sana, wa huko Ulaya, ambao alikuwa ameutafsiri mwenyewe kwenye madaftari ya shule. Ulikuwa mchezo wa mapenzi na wa kuchekesha. Kijana anasafiri, inavuma habari kwamba amekufa, mchumba wake anaanza kulazimishwa kuolewa na tajiri mzee. Kijana anarudi amejifanya mtumishi wa tajiri huyohuyo, hakuna anayemtambua, anapeleka barua kwingine, anamwaga mchuzi kwenye suruali ya bwana harusi, mpaka siku ya ndoa anajidhihirisha na watu wote wanacheza. Kitabuni walivaa mapanga na nywele za bandia. Mwalimu akasema hapana, sisi tutavaa nguo zetu, za leo, zilezile za sokoni na kanisani, ili mtu akiangalia aone jirani yake. Tajiri akapewa suti, miwani myeusi na redio ya betri. Bibi harusi akavaa gauni la kipaimara la dada yake. Na kwa kuwa kitabuni kijana alitambuliwa kwa pete yenye nembo, jambo ambalo kwetu lisingemwambia mtu kitu, Mwalimu alitaka kitu kingine ambacho hakuna mwingine anacho. Aliuliza darasani nani ana vazi la ajabu nyumbani. Mkono wangu ulipanda wenyewe.

Mama alinigomba mpaka nikalia, lakini Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni, na kumkatalia mwalimu wakati ule ilikuwa kujitafutia maswali. Koti likaenda. Alipoiona bitana aliandika upya mwisho wa mchezo pale pale, amesimama. Mtumishi atalivua koti, ataligeuza, atawaonyesha watu wale ndege, na mchumba atajua.

Ulichezwa Jumamosi mchana kwenye uwanja wa shule. Wakimbizi walikaribishwa pia, kwa sababu kambi ilikuwa mwendo wa saa moja tu kutoka kwetu na nusu ya waigizaji walikuwa vijana wa huko. Mtendaji alikaa mbele kwenye kiti cha ofisi. Sijawahi tena kuona watu wakicheka vile. Wale waliokuwa hawajacheka tangu wavuke mto walishikana mabega, na tajiri alipokaa juu ya redio yake mwenyewe, bibi mmoja alilazimika kupelekwa pembeni kupumua. Binamu yangu Zabroni ndiye aliyekuwa kijana mwenyewe. Alisimama katikati, akalivua koti polepole kama alivyofundishwa, akaligeuza, na ndege wa njano wakatoka kwenye jua.

Nyuma kabisa alisimama mwanamke. Alikuja mbele akipita katikati ya watu, hakukimbia, hakusukuma mtu, na kwa kuwa alivaa kitenge na kandambili kama wale waliokuwa jukwaani, kila mmoja alidhani ni wa mchezo. Walimpigia makofi. Mtu mmoja alisema, "Huyo ndiye mama mkwe," na uwanja ukaangua kicheko. Mwanamke akaushika mkono mtupu wa koti, akaupeleka usoni akanusa kama nilivyokuwa nikinusa mimi, akasema kwa Kirundi, "Mwana wanje," yaani mwanangu. Bado walicheka kidogo. Alipokaa chini na koti mapajani, huku Zabroni anamtazama Mwalimu, kicheko kilikatika safu moja baada ya nyingine, kutoka mbele kwenda nyuma.

Alikuwa nyina wa Evarist, mama yake mzazi. Hakuwa Kibondo. Alikuwa kambini kwetu tangu mwanzo, saa moja kwa miguu kutoka kizingiti kile ambacho mwanawe alikalia akila viazi, upande wa kusini, siyo ule niliounyooshea kidole. Aliuliza koti ni la nani. Watu wakamtazama mama yangu. Mama akamtazama mtendaji. Akasema amelinunua mnadani. Mwanamke akauliza, kwa upole kabisa, yule muuzaji alilitoa wapi. Na mama, ambaye alitaka tu maswali yaishe, akasema aliambiwa ni nguo za watu waliofia mtoni. Alisema hivyo huku amenishika bega, na vidole vyake viliingia mpaka mfupani. Mimi niliyetangaza mimba za watu na ng'ombe waliopotea, nilinyamaza. Ningesema alikuwa hai, alikula, alicheka, ningelazimika kusema pia nani alimwelekeza Kibondo. Naweza kusingizia woga wa mama, lakini haukuwa woga wa mama peke yake.

Warundi wana siku yao ya kumaliza msiba, wanaiita kuganduka. Kabla ya siku hiyo mfiwa hajarudi kabisa katika maisha, na marehemu naye hajaachiwa aende. Siku ikifika wanaweka chungu cha pombe ya mtama, wanakunywa kwa mirija, na kila anayekunywa ni kama anatia saini kwamba fulani amekwenda na hatusubiri tena kumwona. Yule mama alikuwa amekataa kufanya hivyo tangu avuke, kwa kuwa hakuwa na mwili wala nguo. Sasa alikuwa na nguo. Alituma watu kumwita mama yangu, akisema waliolitunza koti la mwanawe hawawezi kukosa. Tulikwenda. Kibanda cha turubai, koti limekunjwa juu ya mkeka, ndege juu. Mama alikunywa akiwa ameinamisha macho. Kisha nyina wa Evarist akanisogezea mrija mimi, akanishika kidevu, akasema mtoto naye aonje, amlaze kaka yake. Nilivuta. Ilikuwa chachu na vuguvugu. Nilimmeza mtu niliyemwona akitembea kwa miguu yake.

Baada ya hapo niliacha kuwa Redio. Baba, ambaye hakujua kitu, alisema betri zimekwisha. Kambi ikaja ikafungwa, watu wakarudishwa kwao, wengine wakabaki wakapata uraia, na yule mama sikuambiwa aliangukia upande gani. Nilipopata ujasiri wa kwenda kumtafuta nilikuta nyasi, mikaratusi michanga, na sakafu za udongo zilizoota maboga. Leo nina cherehani tatu Kasulu mjini. Vijana wanaonifanyia kazi wanaona ajabu kwamba bitana za makoti sizigawi, nashona mwenyewe. Wao mtu akipotea picha yake inaingia kwenye simu asubuhi, jioni ameonekana. Nikiwaambia kwamba zamani mama na mwanawe waliweza kuachana kwa sababu ya kidole cha mtoto, wanadhani nachangamsha baraza. Siku binti yangu alipoigiza shuleni kwao nilitoka kabla ya mwisho, pale waliopotea wanapoonekana na watu wanapiga makofi. Nilimwambia kichwa kinauma.

Mwaka jana mama, ambaye sasa nakaa naye, alinikuta usiku nakata kitambaa, akakaa kwenye benchi la wateja. Amezeeka, anaanza maneno katikati. "Yule kijana alirudi," akasema. Sikuuliza kijana gani. Ilikuwa wakati wa kupanda, alisema, mwaka ule ule wa chungu, miezi michache tu baada yake. Alisikia hodi, akafungua, akamwona Evarist amesimama na shati lilelile na kuku mkononi, ile zawadi aliyoahidi. Na mama alikuwa amekunywa kwenye kile chungu. Alikuwa amemlaza kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mashahidi, na aliyelazwa akija mlangoni mchana kweupe haitikiwi. Alifunga mlango, akausukuma kwa mgongo mpaka hodi zikakoma. Nyina wa kijana alikuwa bado kambini, saa moja kwa miguu.

Nilimuuliza kama kijana hakusema chochote. Mama aliokota kipande cha kitambaa chini, akakinyoosha juu ya goti lake kwa muda mrefu.

"Alisema koti tubaki nalo," akajibu. "Alikuwa anakutafuta wewe. Aliita kutoka nje, yuko wapi yule mtoto anayejua watu walikopelekwa."