Mboga Zilizofichwa Ndani ya Chai

Nilikuwa sijawahi kuomba mbegu kwa mtu. Niliolewa upande huu wa Boito nikiwa na mbegu ya isagek imefungwa kwenye kipande cha nguo. Wengine huiita sagaa, mboga ni ile ile. Nimeipanda, nimeiacha ikauke, nimekung'uta mbegu nikapanda tena, hadi wajukuu wangu wakaijua kabla ya kujua wali. Ilikaa kando ya boma la ng'ombe pamoja na managu, yaani mnavu, na malenge machache, pale ambapo majivu na samadi humwagwa kila siku. Ukisimama mlangoni kwangu, hicho ndicho kipande pekee ambacho si chai.

Mwanangu anafanya kazi mjini Kericho na huja nyumbani Jumamosi. Jumamosi moja ya Januari nilitoka kwenye mkutano wa akina mama kanisani nikakuta boma lote linanuka dawa ya kuua magugu. Mwanangu alikuwa na pampu ya kupulizia mgongoni. Alikuwa amepuliza kila jani, hata ile mistari miwili ya mwisho niliyoiacha ikomae nipate mbegu.

"Mama, nimekusafishia," akasema, tena kwa furaha.

"Umenisafishia nini?"

"Hapa tutapanda chai. Miche iko tayari. Mboga utanunua sokoni, siku hizi hakuna mtu anasumbuka."

Nilimwambia kwanza aweke pampu chini, kwa sababu sibishani na mtu aliyebeba sumu. Kisha nikamwambia, "Hili shamba lote nililichuma wewe ukiwa mgongoni. Sikukataa chai. Lakini hapa ukichimba shimo moja, nitalifukia. Ukichimba mia, nitafukia mia. Hiyo ndiyo itakuwa kazi yangu mpaka mnizike, na mtanizika hapo hapo, tuone kama mtapanda."

Akacheka. Si mtoto mbaya, ila amezoea kupanga vitu vya watu. Akasema, "Haya mama, tufanye hivi. Mvua ikianza, nikikuta hapa pamejaa mboga, napeleka miche kwingine. Nikikuta patupu, napanda chai na hutafukia."

"Shika hayo maneno yako," nikamwambia.

Sasa mbegu. Ya mwaka uliotangulia nilikuwa nimeimaliza yote kupanda, nikitegemea hiyo mistari miwili. Hilo kosa ni langu, simpi mtu mwingine. Nilienda kwa muuza mbegu na dawa za ng'ombe, nikanunua pakiti yenye picha nzuri. Nikapanda, nikamwagilia na maji ya mtoni, nikangoja wiki mbili. Zikaota chache kama meno yangu. Kufikia hapo Februari ilikuwa inakwisha na mimi sina kitu.

Nikajiambia, lazima kuna mtu huku ana mboga. Lakini ukitembea njia yetu kutoka kanisani mpaka kituo cha chai, kushoto chai, kulia chai, mbele chai. Hata kuku hana mahali pa kuchakura.

Kwa hiyo nikauliza pale pale kituoni. Sisi tuliochuma hukaa hapo na vikapu vyetu tukingoja lori, na siku nyingine lori linaweza kutukalisha nusu ya mchana. Nikasimama nikasema kwa sauti, "Nani hapa ana managu au isagek nyumbani kwake?"

Mmoja akacheka. "Kogo, nani ana mahali pa mboga? Mboga ni ya mtu ambaye hana chai."

Wengine nao wakacheka. Niliitwa kogo, yaani nyanya, lakini nilichekwa kama mtoto. Nikakaa chini nikaanza kuangalia mikono yao.

Mtu ambaye amechuma chai miaka yote anajua mikono. Chai huacha weusi kando ya kidole, pale bua linapokatikia. Lakini mboga unaivunja kwa ukucha wa kidole gumba, na kijani chake kinaingia chini ya ukucha, hata sabuni haikitoi siku hiyo. Nikamwona mmoja, mama mwembamba ninayeimba naye kanisani. Ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote.

"Wewe," nikamwambia, "lete huo mkono."

"Mkono wa nini, kogo?"

"Lete nikuambie jana ulipika nini."

Akaficha mkono chini ya lile gunia tunalofunga kiunoni. Lori lilipoondoka nikatembea nyuma yake mpaka kwake, bila kualikwa. Alipoona sirudi, akasonya, akasema, "Basi kuja."

Tukaingia kwenye chai yake. Mstari wa kwanza, chai. Wa pili, chai. Wa tatu pia. Wa nne ulikuwa na mashina yaliyokufa zamani, na katika kila pengo palisimama managu mpaka usawa wa tumbo, meusi kwa afya, yenye matunda. Kutoka njiani usingeona hata jani.

"Mzee wako anasemaje?" nikauliza.

"Hajui."

"Hajui vipi na ni shamba lake?"

"Atajuaje, kogo? Yeye hachumi. Chai yake anaijua siku ya kulipwa bonasi."

Hapo nilicheka, na mimi si mtu wa kucheka ovyo. Miaka sita watoto wake walikula mboga ya kwenye mapengo na bwana akidhani inatoka sokoni. Nikamuuliza kama yuko peke yake. Akasema yeye alidhani hivyo, mpaka siku moja alipoona mama wa kwa jirani akitoka kwenye chai na kikapu kilichofunikwa, na chai haifunikwi. Yule mama naye alikuwa anamjua mwingine. Hivyo ndivyo nilivyowapata: wanawake watatu kwenye kilima kimoja, wote wanachuma pamoja, wote wanaimba pamoja, na kila mmoja anaficha managu kana kwamba ni pombe haramu.

Niliwaambia waziwazi kwamba nimekasirika. Mboga si wizi. Wakanipa matunda ya managu yaliyoiva. Niliyaponda, nikachanganya na majivu, nikaanika nipate mbegu.

Lakini isagek hakuna aliyekuwa nayo. Wote watatu walinielekeza mahali pamoja, kwa mama wa barabarani, na pale ndipo palikuwa na shida.

Huyo mama alitoka upande wa Kisii zamani, akifuata kazi ya kuchuma kwenye shamba kubwa la kampuni. Analima kile kipande chembamba kati ya barabara na mtaro, mahali si pa mtu. Mwaka fulani alikuja kwangu kuomba samadi, gunia moja tu. Nilikuwa nayo nyingi inaoza. Nilimwambia samadi yangu si ya watu wa barabarani. Nilisema hivyo, na aliondoka na gunia lake tupu. Tangu hapo tukikutana alikuwa ananisalimu na mimi naitikia nikiangalia kando.

Siku tatu nilijiuliza kama isagek inafaa hiyo aibu. Siku ya nne nilijaza gunia la samadi iliyooza vizuri, nikalifunga kamba inayopita kwenye paji la uso kama ninavyobeba kuni, nikashuka nalo. Alikuwa ameinama anapalilia. Alinyanyuka akaangalia gunia, akaniangalia mimi.

"Nyanya," akasema, "leo samadi imeota miguu?"

"Imeota. Na nimechelewa nayo, najua."

"Miaka mingapi?"

"Hesabu wewe. Mimi niliishia darasa la tatu."

Akashikilia kiuno akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungua gunia, akashika samadi mkononi, akainusa. Akasema ni nzuri. Hakusema amenisamehe na mimi sikumuuliza. Aliingia nyumbani akatoka na chupa iliyojaa mbegu. Kwao isagek wanaiita chinsaga.

"Unajua kuipanda?" akauliza.

"Nilikuwa naipanda kabla hujazaliwa."

"Basi kwa nini huna?"

Nikapokea chupa kwa mikono miwili. Alikuja nami siku hiyo hiyo akanisaidia kupanda, na kila mmoja alisahihisha mkono wa mwenzake mpaka jua likaelekea magharibi.

Isagek ilikuwa imetoa majani mawili mawili tu mvua ilipoanza. Managu yangu ndiyo kwanza yanachungulia. Mwanangu akapiga simu: "Mama, naona mvua imefika. Jumamosi nakuja na miche." Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nilienda kituoni nikawaambia wale watatu. Sikuomba. Nilisema tu jinsi mambo yalivyo, kwamba Jumamosi kile kipande kitakuwa chai. Yule mwembamba akauliza, "Managu yanahamishwa, siyo?" Nikamwambia isagek haikubali kuhamishwa, lakini managu yanakubali.

Ijumaa asubuhi walikuja. Hawakupita vichochoroni. Walifuata barabara kubwa, makarai vichwani yamejaa miche ya managu na udongo wake, mbele ya macho ya kilima kizima. Mama wa barabarani alitoka upande wake na malenge yaliyoanza kutambaa. Tulipanda mpaka hapakubaki mahali pa kuweka mguu.

Jumamosi jua likawaka utadhani mvua haijawahi kunyesha. Mwanangu alipofika saa sita, managu yote yalikuwa yamelala chini kama vitambaa. Alisimama na jembe begani.

"Mama, hizi mboga zimekufa."

"Zimelala."

"Mama..."

"Nimesema zimelala. Ulisema pakijaa mboga. Pamejaa au hapajajaa?"

Mama wa barabarani akadakia, "Baba, na wewe siku ya kwanza ulipohamia Kericho, hukulegea?"

Alituangalia. Tulikuwa watano tumekaa kwenye ukingo, kila mtu na panga lake la kupalilia magotini, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kwenda kwake. Akashusha jembe. Akasema atarudi Jumamosi ijayo aone kama zimeamka. Siku mbili tulimwagilia kwa zamu, ya tatu mvua ikarudi. Kufikia Jumatano kila shina lilikuwa limesimama.

Jumamosi iliyofuata alikuja bila jembe. Alikula managu yenye maziwa, sahani mbili. Baadaye akauliza sasa ile miche ya chai aipeleke wapi. Nikamwambia aipeleke kwa yule mama mwembamba akajaze mapengo, maana mboga yake sasa ameipanda mbele ya mlango.

Mzee wake alipoona miche inashushwa, alitoka nje kuuliza mapengo hayo yote yametoka wapi kwenye chai yake. Mke wake akamnyooshea kikapu cha kuchumia.

"Yako hapo miaka sita," akamwambia. "Karibu shambani."