Chumba Alichokipanga Ugbad

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu hauna breki. Watu wa bulla yetu, mtaa wetu hapa Garissa, wanalijua hilo. Kama unataka habari za Ugbad zilizopakwa sukari, kamuulize mtu mwingine. Mimi nilikuwepo, nina lawama yangu katika jambo hili, na mpaka leo likinijia nikiwa kwenye mashine nakata uzi pasipostahili kukatwa.

Ugbad alikuja mjini kutoka Bura, ile ya Fafi, mwaka ambao ukame uliwamaliza ng'ombe wa baba yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi pekee aliyoijua mbali na kukamua ilikuwa kusuka nywele na kuchora hina. Kwa miaka ishirini na mbili alizunguka na mkoba wake nyumba kwa nyumba. Penye arusi, Ugbad yupo: anachanganya hina, anakoroga unga wa majani ya qasil wa kuoshea nywele, anafukiza manukato ya uunsi mpaka jirani wa tatu anajua kuna bibi harusi. Amepamba mabibi harusi jikoni, amewapamba kwenye stoo ya mchele, na mara moja ndani ya choo kipya ambacho hakijaanza kutumika, kwa sababu nyumba nzima ilijaa wageni wanaume. Magoti yake yaliishia kwenye mikeka ya watu.

Kila alipofunga mkoba alisema, "Abaayo, dada yangu Naimo, siku moja wao ndio watakuja kwangu." Mimi nilimcheka. Nilimwambia mwanamke wa kwetu akitaka chumba cha peke yake, basi asubiri kaburi. Tulicheka wote wawili, wakati huo mumewe Yarow angali hai.

Yarow alikufa kwenye ajali ya lori la mifugo, barabara ya Liboi, akamwachia watoto wanne na nyumba ya vyumba viwili. Nyumba yenyewe iko kwenye kiwanja cha marehemu baba yake Yarow na ndugu zake, ambacho hakijawahi kugawanywa. Kila mtu anajua ni cha familia, na familia maana yake ni wanaume. Ugbad alikaa eda miezi minne na siku kumi. Eda ilipokwisha akapata habari kwamba wazee wanakuja kesho, nao wanakuja kwa ajili ya Siyad, mdogo wake Yarow, mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye mke mmoja kule Masalani.

Kwetu mume akifa, ndugu yake ndiye mwenye nafasi ya kwanza kumwoa mjane. Tunaita dumaal. Sheikh yeyote atakuambia hakuna ndoa bila ridhaa ya mwanamke, na hilo ni kweli. Lakini kuna kuambiwa na kuna kukaa mbele ya wazee wanne waliomzika mumeo, wanywe chai yako, kisha uwaambie hapana.

Mchana ule Ugbad alikuja dukani kwangu, akakaa juu ya marobota ya vitambaa.

"Simtaki Siyad," alisema. "Simtaki mtu yeyote. Niseme nini?"

Hapa ndipo lawama yangu inapoanza. Mimi na busara zangu za kuokota nilimwambia: "Usimkatalie mtu mzima mbele ya watu. Mwambie bado. Sema kwanza watoto wasimame. Wana akili, wataelewa."

Akasema hivyo hivyo. Wazee wakaitikia kwa vichwa, Mzee Jelle ambaye ndiye mkubwa wao akamwombea dua, wakaondoka. Sisi wawili tulifurahi kama wezi. Tulidhani tumekataa kwa adabu. Wao waliondoka wakijua wamekubaliwa, na kilichobaki ni kusubiri.

Baada ya hapo Ugbad alipiga moyo konde. Aliuza bangili zake zote za dhahabu, akamwomba Siyad ruhusa ya kujenga chumba cha saluni mbele ya nyumba, kwenye kile kipande kinachotazama barabara. Siyad akasema, "Jenga, dumaashi, shemeji yangu. Pahali ni pako." Alisema mbele ya mama yake mzazi na mbele yangu. Karatasi nani ataiulizia? Ungemwomba shemeji yako akuandikie, ungekuwa umemwita mwizi usoni.

Ramani aliichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko lake. Nimeona majengo mengi, lakini sijaona mtu aliyefikiria chumba kama Ugbad. Fundi alikuwa kijana wa Mwingi, hodari, ila yeye akili yake ilikuwa kwenye saluni za Nairobi. Alitaka dirisha kubwa la kioo mbele, watu wa barabarani waone viti.

"Mama, saluni bila kioo mbele itakuwa stoo," alisema.

"Fundi, wewe sikia mimi," Ugbad alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mwanamke natoa buibui hapa ndani. Mtu akibita njia ataona kichwa yake. Akionekana mara moja, harudi tena, na mama yake harudi, na shangazi yake harudi. Dirisha weka juu, juu kabisa."

Akampangia kila kitu. Ukipita mlango wa nje unakutana na ukuta, unakata kona ndipo unaingia, ili mlango hata ukisahauliwa wazi, barabara isione kitu. Penye kona, misumari ya kutundikia buibui, na benchi la kukaa anayevua viatu. Vioo vyote viwe ukuta wa kushoto, kisiwepo hata kimoja kinachotazama mlango, maana kioo kinaweza kumtoa mtu nje bila yeye kujua. Matundu ya hewa chini ya dari, mawili mawili, upepo uingie upande mmoja na kutokea mwingine, kwa sababu joto la Garissa na moshi wa uunsi vikikutana mteja anazirai. Sinki la kuoshea nywele aliliweka chini kidogo kuliko fundi alivyotaka. Alisema wanawake wajawazito hawawezi kurudisha shingo nyuma sana. Na kwa bibi harusi, kijichumba chake chenye kitanda kifupi cha kuegemea, ili anyooshe miguu hina ikauke. Hakuna mwanamke atakayekaa mkekani humu, alisema. Fundi akaanza kupima.

Siyad alianza kuja wiki ya pili. Mwanzo alisimama tu akiangalia msingi. Kisha akaleta lori la mawe. Kisha saruji, kisha tangi la maji. Ugbad alikuja mbio kwangu.

"Naimo, anataka nini huyu?"

Nami tena, huyu huyu: "Ni baba mdogo wa watoto wako. Mwache awasaidie yatima. Ukirudisha mawe ya mtu utakuwa umemtukana."

Akayapokea. Ikafika kuchagua vigae, Ugbad akitaka vyeupe ili uchafu uonekane na kufagiliwa, Siyad akasema vya kahawia vinastahimili vumbi. Vikawekwa vya kahawia. Kila adhuhuri alipokuja, Ugbad alimpelekea chai ya maziwa na sahani ya wali pale kivulini, kwa mkono wa binti yake. Ungefanya nini? Mgeni amekuja na jasho lake, hujampa hata maji? Basi bulla nzima ilipita ikiona mwanamume anajenga, mjane anapika. Walikuwa wanahesabu sahani zile, sisi hatukujua.

Chumba kilimalizika baada ya miezi kumi na minne. Nilimshonea mapazia ya kijani na vitambaa vya viti. Siku ya mwisho mafundi walipoondoka nilimwambia akae kwenye kiti cha sinki, nikamwosha nywele. Hakuna aliyewahi kumwosha nywele Ugbad tangu aondoke kwa mama yake. Alilala chali, macho amefumba, maji yakimtiririka, na akacheka peke yake kama msichana. Nikisema nilikuwa na furaha siku ile, sitii chumvi. Nilimwonea wivu pia, niseme kweli.

Siku ya kufungua ilikuwa Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Sisi wanawake tulikuwa ndani, wasichana wawili tayari wameomba wasukwe. Siyad akaja na kondoo dume mweupe. Nyuma yake wakaja wazee, wakatandikiwa mkeka nje. Tulidhani ni dua ya kufungua duka. Dua ikasomwa kweli. Halafu Mzee Jelle akaita kupitia mlangoni, Ugbad akasimama upande wa ndani wa ule ukuta wa kona.

"Binti yetu," Mzee Jelle alisema, "ulituambia watoto wasimame. Sasa wamesimama, na wewe umesimama. Tumekuja kulimaliza lile jambo."

Ugbad akasema lile neno alilopaswa kulisema siku ile wazee walipokuja mara ya kwanza, kama si mimi.

"Adeer, hapana. Sikuwahi kusema ndiyo."

"Hukusema la," Mzee Jelle alijibu, wala hakukasirika. "Mtu anakuletea mawe, unayapokea. Anakula chakula chako mwaka mzima, mlangoni kwako, watu wanaona. Leo kondoo wa posa ameshaingia uani. Hiyo la yako ilikuwa wapi?"

"Nilidhani mmeelewa."

"Tulielewa. Tulielewa kama watu wanavyoelewa."

Afadhali Siyad angepiga kelele. Angetukana, ningepata pa kumshikia. Yeye alisema kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye heshima zake, kwamba hamlazimishi mwanamke, Mungu apishe mbali. Ila chumba kimejengwa kwenye kiwanja cha familia, kwa mawe ya familia, kwa ajili ya mke wa familia. Nyumba ya marehemu itabaki ya watoto, hakuna atakayewagusa. Chumba cha mbele, tafadhali, aachie ufunguo.

Nilimwambia aende kwa kadhi. Nilimwambia mimi ni shahidi, nilisikia kwa masikio yangu "pahali ni pako." Alinitazama kwa uchovu. Akaniuliza nikimaliza kutoa ushahidi, ni nani atakayewaozesha wanawe, nani atakayesimama nao wakipata msiba, kama si Siyad na wazee wale wale? Akatoa ufunguo kwenye pindo la leso yake, akampa binti yake aupeleke nje. Wale wasichana wawili walivaa buibui zao, wakaondoka hawajasukwa.

Miezi mitatu baadaye tukasikia Siyad anaoa. Bibi harusi anaitwa Sahra, ametolewa Bura, miaka ishirini, na saluni ndiyo zawadi yake. Ataendesha nini na hajui kushika kitana? Hilo halikumsumbua mtu. Na nani atampamba? Mama yake Siyad, yaani mama mkwe wa Ugbad, alituma mtu: mwiteni Ugbad, hakuna mwenye mkono kama wake. Nilipiga kelele nikasema usiende, safari hii kataa kwa sauti. Akaniambia, "Ushauri wako umeshanitosha, Naimo." Hakusema kwa hasira. Neno hilo lilinichoma kuliko tusi.

Alienda, nami nikamfuata nikimbebea mkoba, maana sikuwa na kingine cha kumfanyia. Tukaingia, tukakata kona, akatundika buibui. Sahra alikuwa ameegemea kwenye kile kitanda kifupi, miguu amenyoosha, mwembamba, macho yamevimba. Ugbad akakaa kwenye stuli, akachukua mkono wake wa kulia, akaanza kuchora maua kutoka kwenye kiganja kwenda juu. Alichora taratibu, vizuri kama kawaida. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuweka chuki yangu, nikamtazama yule msichana, nikaona hapatoshi.

Sahra ndiye aliyeanza kusema.

"Habaryar, wameniambia hiki chumba kilikuwa chako, na ukakiacha kwa kumkataa Siyad. Kwa nini ulimkataa? Ni mtu mbaya?"

Ugbad hakuinua kichwa. "Si mtu mbaya. Mimi nilitaka chumba tu. Sikutaka mume."

Sahra alitazama vioo, viti vipya, sinki ambalo lilikuwa halijaosha mteja hata mmoja.

"Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni," alisema. "Sikutaka chumba wala mume. Hakuna aliyekuja kuniuliza, hata nipate nafasi ya kusema bado."

Mkono wa Ugbad ulisimama. Niliona ncha ya hina ikitoa tone, likaanguka juu ya kigae. Akainama, akalipangusa kwa kidole gumba, akaketi tena vizuri.

"Lete mkono mwingine, mwanangu," akasema.