Majibu ya Elisifa

Kwa miaka kumi na tano hakuna mtafiti aliyepanda upande wa Machame bila kumpitia Sifael. Si kwamba alikuwa na cheo. Cheti chake kikubwa ni cha kidato cha nne, tena chenye alama za kuficha wageni wakija. Alichokuwa nacho ni ulimi. Mtafiti akisema neno lake la kitaalamu, Sifael alilimeza, akalitoa kwa Kimachame kitamu, na bibi aliyekuwa ameshika fimbo ya kuwafukuza akavuta kigoda na kuwakaribisha.

Na kazi alipiga, jamani, tusimnyime haki yake. Alibeba mashine ya watu wa barafu mpaka kule juu pumzi inakokatika. Alishika nyavu za watu wa popo. Alichuma majani ya kahawa yenye kutu akayatia kwenye mifuko yenye namba, akajaza vichupa kwa maziwa ya ng'ombe wa watu, akaokota konokono kwenye mpunga wa Mabogini huku matope yakimfika magotini. Aliziingia sayansi zote hizo kama mtu wa kijiji anavyoingia msibani: anapasua kuni, anakula, anaaga. Wenye msiba ndio wanaobaki.

Uliomtia kidonda ni utafiti wa chai. Miaka minne iliyopita ulikuja mradi uliotaka kujua kwa nini watu wengi wanaugua kansa ya umio, ile njia ya chakula, na kama chai ya moto kupita kiasi ina mkono wake. Kazi ilikuwa kuingia nyumba kwa nyumba, kuuliza maswali, nesi achukue damu kidogo, kisha kutumbukiza kipimajoto kikombeni wakati mwenye nyumba anapotaka kunywa. Kabla ya yote, Sifael alisoma karatasi ya kuomba ridhaa. Mwisho wake iliandikwa: matokeo ya utafiti huu yatarejeshwa kwa jamii.

Neno hilo, matokeo, lilimsumbua kupita mlima wenyewe. Nyumba ya kwanza mzee alimuuliza, "Matokeo ya nini, ya darasa la saba?" Nyumba ya pili wakataka kujua Yanga wamepata ngapi. Nyumba ya tatu Sifael akachoka, akalitupa neno hilo kwenye migomba, akasema, "Majibu. Majibu yenu yatakuja." Ahaa! Nyuso zikafunguka. Majibu nani asiyeyajua? Unatoa damu, unakaa kwenye benchi, unaitwa, unaambiwa una nini. Mikono ikanyooshwa yenyewe. Msimamizi wa mradi akamsifu mbele ya wenzake kwamba kwake hakuna aliyekataa, naye akavimba kichwa, mjinga yule. Alilisema neno hilo katika nyumba mia mbili na kumi na mbili.

Moja ya nyumba hizo ilikuwa ya Elisifa, mama yake mkubwa, aliyemchukua akiwa na miaka sita baada ya mama yake kufariki na kumlea pamoja na wanawe. Siku ile Elisifa alijipaka mafuta, akavaa kitenge cha kanisani, akatoa mkono kwa nesi bila hata kugeuza uso. Kipimajoto kikasoma sabini na mbili.

"Mama Mkubwa, hii ni chai au ni uji wa kuzimu?"

"Chai ya baridi ni ya wagonjwa," alijibu, akapiga funda, wala jicho halikupepesa. "Haya niambie, majibu yangu utaniletea wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, Mama Mkubwa. Niamini."

Basi akamwamini. Kosa lake ni hilo tu, kumwamini mtoto aliyemlea.

Mradi ukafunga mafaili, Sifael akaenda zake. Mwaka mzima alikuwa Tarakea na watu wa mbuzi, mwaka mwingine Mabogini na hao konokono. Nyumbani alipanda sikukuu kwa sikukuu. Krismasi iliyopita Elisifa alikataa nyama, akasema meno. Alikuwa anakula mtori, ule mchuzi wa ndizi za kupondwa, mwepesi, wa kunywa. Sasa mtori ni chakula cha kila nyumba kule, nani angekaa kuhesabu kwamba bibi hagusi kingine? Sifael alimwona amepungua, akamtania kwamba anataka kuolewa tena. Akacheka naye. Leo akikumbuka kicheko kile anatamani ardhi ipasuke.

Mwezi wa sita ukaja mkutano. Serikali ya kijiji ilikuwa imechoka na wageni wanaochukua na wasirudi, ikawataka wote waje siku moja kwenye ukumbi wa usharika waseme walichokipata. Wakaja, wakatundika shuka jeupe, Sifael akasimama mbele kutafsiri. Wa barafu akasema barafu inapungua. Mzee mmoja akauliza kama walihitaji mashine kuona jambo hilo, ukumbi ukavunjika mbavu. Wa popo akasema popo wanasaidia kula wadudu, wasiuawe ovyo. Wa kahawa akaonyesha kutu. Mwisho akainuka Dakta Winfrida wa mradi wa chai, dada mpole, mwenyeji wa Rombo. Akasema wanaokunywa chai ya moto sana walionekana kuugua zaidi, kwa hiyo watu waiache ipoe kidogo. Akashukuru. Akauliza kama kuna swali.

Elisifa alikuwa benchi la mbele na kile kitenge chake, sasa kimemzunguka mara mbili. Akasimama. Sauti ilitoka imekwaruza, watu wa nyuma wakanyamaza ili wamsikie.

"Tumesikia ya barafu. Tumesikia ya popo. Na yangu?"

Sifael alitafsiri. Dakta Winfrida akatabasamu, akasema, "Mwambie mama kwamba matokeo ni ya watu wote kwa ujumla. Hatukumpima mtu mmoja mmoja ugonjwa."

Hapo ulimi ukagoma. Lakini Elisifa Kiswahili alikijua, cha kanisani na cha sokoni. Hakungoja kutafsiriwa.

"Sindano ilinichoma mimi, dada. Haikuuchoma ujumla."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Yeye hakucheka. Akasema tangu mwaka jana chakula kinamkwama hapa, akashika katikati ya kifua. Alianza kushindwa ndizi, ikaja zamu ya wali, na wiki hii hata mtori unarudi. Lakini hakuwa na wasiwasi, alisema, kwa sababu damu yake wanayo. Kama kungekuwa na kitu kibaya, Sifael angekuwa amekwisha kuleta majibu.

Makofi yakafa. Dakta Winfrida akamgeukia Sifael, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Uliwaambia nini hawa watu?"

Sifael alitaka kusema kwamba yeye ni mbebaji tu, kwamba alichofanya ni kurahisisha neno, kwamba damu ile haikuwahi kuangaliwa ugonjwa wowote. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomsaidia. Akamwomba Dakta Winfrida amwangalie mama angalau pale pale. Yule dada macho yakamjaa machozi. "Kaka, mimi si daktari wa kutibu. Udaktari wangu ni wa hesabu. Mpeleke hospitali kesho asubuhi, usingoje."

Alimpeleka. Wakamteremsha mjini hospitali kubwa, wakamtia mpira wenye taa kooni, wakakata kinyama kidogo, wakasema warudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili hizo Sifael hakula vizuri wala hakusali vizuri. Alikuwa anaanza Baba Yetu, anapotea katikati, anaanza upya. Aliwapigia simu watafiti wote aliowahi kuwabebea mizigo. Wa barafu alimpa pole. Wa popo alimpa pole. Wa mbuzi alimtumia makala ndefu ya Kiingereza aliyoisoma kwa kamusi, na alipofika mwisho alikuwa hajui amsaidieje Elisifa kumeza kijiko kimoja cha uji. Walikuwa wanajua mengi, wale watu, na alijua mengi naye. Yote hayakuwa na mkono.

Siku ya kurudi, daktari kijana alisoma faili mara mbili kabla ya kuinua kichwa. "Bibi, kwa nini mmechelewa hivi?"

"Hatukuchelewa," Elisifa alijibu kwa fahari. "Mimi nilipimwa zamani, nyumbani kwangu. Nilikuwa nasubiri majibu." Akamwonyesha Sifael kwa kidevu. "Huyu ni mwanangu. Yeye ndiye mhusika."

Daktari akamtazama Sifael. Akamwita kando, akamweleza kwa maneno machache. Uvimbe ni kansa, umeziba njia, umeshafika kwenye ini. Hawatapasua. Wataweka kibomba uji upite. "Mwambie wewe," alisema, "atakuelewa vizuri zaidi."

Sifael akachuchumaa mbele ya benchi. Mambo ya mwili wake Elisifa aliyataka kwa Kimachame, naye akamweleza kwa Kimachame, neno kwa neno, bila kupamba, bila kurahisisha hata moja. Alipomaliza akamwambia kosa ni lake, kwamba lile neno alilibuni yeye, kwamba hayakuwapo majibu yoyote ya kuja tangu mwanzo. Akasema, "Nisamehe, Mama Mkubwa." Machozi yakamtoka mbele za watu, mwanaume wa miaka hamsini na mbili.

Elisifa akamfuta uso kwa pindo la kitenge, kwa nguvu, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi.

"Aika," alisema. Asante. "Sasa simama, usikae hapo chini. Na ya Rachel?"

"Rachel yupi?"

"Jirani yangu, Rachel wa ng'ambo ya mfereji. Si mlimchoma siku moja na mimi? Tangu Pasaka ndizi zinamkwama. Wanawe walitaka kumleta mjini, nikawazuia mimi. Nikawaambia atulie. Sifael akisema majibu yanakuja, yanakuja."